Ua la asubuhi moja: kutunza vanila nyuma ya nyumba



Kwenye mikutano, neno vanila likitajwa, swali la kwanza huwa lile lile: «Kilo iko ngapi?» Ni swali la haki. Watu wako na minervali ya kulipa, wako na wagonjwa, wako na mabati ya kununua. Lakini tungeomba swali moja litangulie: «Nani atakuwa nyumbani asubuhi?» Maana vanila, kabla ya kuwa feza, ni ua. Ua hilo hufunguka siku moja tu, alfajiri, na kufikia saa sita ya mchana limeanza kunyauka. Likikosa mkono wa mtu siku ile, linaanguka. Hakuna kesho yake.

Katika toleo hili tunaeleza kazi ya vanila tangu mti wa kuegemea hadi siku ya kuuza. Tunaandika hasa kwa wanachama wa Beni, wa bonde la Semuliki na wa Mambasa, kwa sababu vanila inapenda joto na haifurahi juu ya mita 1,500. Wenzetu wa Butembo na wa milima ya Lubero watusamehe: kwao baridi ni nyingi, na faranga ya kununua miche ya vanila ingefaa zaidi kwa kahawa.

Jambo moja tunataka mlishike hata mkisahau mengine yote: vanila haiombi shamba kubwa, inaomba mtu. Idadi ya miche ipimwe kwa mikono iliyopo nyumbani, si kwa ukubwa wa kiwanja.

Ni mmea gani?

Vanila ni mmea wa kupanda juu ya miti, wa jamaa ya okidi, yale maua ambayo mengine yanaota yenyewe juu ya miti ya pori letu. Asili yake ni Mexico na nchi za jirani zake. Shina lake ni nene, la kijani, lina maji, na kila kifundo hutoa jani moja na mzizi mdogo wa kushikilia mti. Mizizi inayolisha mmea haizami. Inatambaa juu juu, chini ya majani yaliyooza. Ukielewa hilo peke yake, umeshaelewa nusu ya utunzaji: usilime kwa jembe karibu na vanila. Kila pigo la jembe linakata mizizi, na kila kidonda ni mlango wa ugonjwa.

Tena, utomvu wake unawasha ngozi. Ukikata shina, nawa mikono mbele ya kugusa macho, na usimwachie mtoto achezee vipande.

Kwa nini nyuma ya nyumba?

Kuna sababu tatu. Ya kwanza ni ile ya ua: mtu ambaye shamba lake liko saa mbili za mguu hawezi kufika kila asubuhi kwa majuma mfululizo. Ya pili ni wizi, tutairudia. Ya tatu mnaijua kuliko sisi: kwa miaka hii, watu wengi wa Beni, Irumu na Mambasa hawaendi tena kwenye mashamba ya mbali bila hofu. Bustani ya nyuma ya nyumba, yenye vanila kati ya migomba na mipapai, inafanyiwa kazi jua likitoka, na mtu bado anasikia watoto wake.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Familia ikilazimika kukimbia wakati wa maua, mavuno ya msimu ule yamekwisha. Mmea wenyewe hubaki hai, lakini maua hayangoji. Ndiyo maana vanila isiwe mguu mmoja wa kusimamia nyumba nzima. Muhogo, maharagi, kakao na kahawa vibaki mahali pake. Usiving'oe.

Mti kwanza, vanila baadaye

Kosa la kawaida ni kuleta vipande vya vanila wakati mti wa kuegemea bado haujashika. Panda miti hiyo angalau miezi sita mbele. Jatrofa na glirisidia zinafaa: zinashika kwa urahisi kutoka tawi lililokatwa, zinavumilia kukatwa mara kwa mara, na kivuli chake si kizito. Acha mita 2 kati ya mti na mti, na mita 2 na nusu kati ya mstari na mstari. Kwa miti 40 unahitaji kiwanja cha mita 10 kwa 20 tu.

Mti uachwe utoe panda kwenye urefu wa kifua au wa mabega, mita moja na nusu hivi, kwa sababu hapo ndipo shina la vanila litakapogeuzwa kurudi chini. Mti ukipita kichwa cha mtu, maua yatakuwa juu usipoyafikia. Kazi ya vanila haifanywi kwa ngazi.

Kivuli kiwe nusu. Simama chini ya miti saa sita ya mchana, tazama udongo: ukiona madoa ya jua na madoa ya kivuli karibu sawasawa, ni muzuri. Jua likiwa kali mno, majani yanageuka ya njano na kuungua. Kivuli kikiwa kizito, shina linarefuka bila kutoa maua, na unyevu unaleta uozo.

Kupanda

Panda mwanzo wa mvua. Chukua kipande cha shina chenye afya, urefu wa mita moja hivi, kutoka mmea ambao umeuona kwa macho yako kwamba hauna ugonjwa. Usichukue kutoka shina lililokwisha kuzaa. Kisu kipitishwe kwenye moto au kwenye maji ya javeli kabla ya kukata, na tena kila unapohamia mmea mwingine.

Usipande siku ile ile. Laza kipande kivulini kwa juma moja, kidonda kikauke. Kisha ondoa majani ya vifundo vitatu au vinne vya chini. Vifundo hivyo uvilaze juu ya udongo, karibu na mti, uvifunike kwa majani makavu na udongo laini kidogo. Ncha iliyokatwa iache nje, isizikwe: ikizikwa, inaoza na kuozesha shina lote. Sehemu iliyobaki uisimamishe kwenye mti na kuifunga kwa kamba ya mgomba, bila kukaza.

Halafu funika shina la mti kwa majani makavu ya mgomba, mbao zilizooza, maganda ya kahawa, chochote kinachooza polepole na kushika unyevu bila kutuamisha maji. Mahali panapotuama maji, inua kwanza tuta dogo. Samadi mbichi usiweke. Iache ioze kabisa.

Na kuku? Kuku ni adui ambaye watu hawamhesabu. Anakwangua yale majani kutafuta wadudu, mizizi inabaki wazi, jua linaichoma. Weka uzio mdogo wa matete au matawi, au funga kuku wako mpaka mizizi ishike. Mbuzi asionekane kabisa. Konokono wanaotafuna ncha changa waokotwe kwa mkono asubuhi au jioni.

Kugeuza shina

Shina likiachwa, litapanda mpaka juu ya mti na halitatoa maua mapema. Likifika kwenye panda, lipitishe juu yake polepole na kuliacha lining'inie kurudi chini. Ncha ikigusa udongo, funika vifundo viwili vitatu kwa majani makavu ili vitoe mizizi mipya, kisha ncha iendelee kupanda tena. Kwa namna hiyo mmea mmoja unapata mizizi mahali pengi, na ukiugua upande mmoja, upande mwingine unaulisha.

Maua hutokea zaidi kwenye sehemu inayoning'inia. Wiki sita hadi nane kabla ya msimu wa maua, kata ncha ya shina hilo, sentimita 10 hadi 15, ili nguvu iende kwenye maua. Kiangazi kifupi nacho husaidia: mmea ukionja ukavu kidogo, unajiandaa kuzaa. Huku kwetu karibu na ikweta tuko na vipindi viwili vya ukavu, kuelekea mwezi wa kwanza na wa pili, na tena kuelekea mwezi wa sita na wa saba, na maua hufuata baada yake. Kila eneo liandike tarehe zake lenyewe, maana mvua za siku hizi hazifuati kalenda.

Tangu kupanda hadi ua la kwanza, hesabu miaka miwili na nusu au mitatu. Anayekuahidi mavuno baada ya mwaka mmoja anakuuzia miche, hakuuzii ukweli.

Asubuhi ya ua

Ua la vanila ni la rangi ya kijani na njano, halina mng'ao mkubwa. Yanatokea kwenye shada, machipukizi 15 hadi 20 au zaidi, lakini hayafunguki kwa pamoja. Kila shada hufungua kwa kawaida ua moja kwa siku, mara nyingine mawili, na huendelea hivyo karibu majuma matatu.

Ndani ya ua, sehemu ya kiume na sehemu ya kike zinakaribiana sana, lakini kati yao kuna kiutando kidogo kama mlango uliofungwa. Kwao Mexico kuna nyuki wanaosaidia. Huku hakuna anayefungua mlango huo isipokuwa mtu. Vitabu vinaita kazi hiyo uchavushaji. Katika gazeti hili tutasema tu kuoanisha maua. Iko hivi:

1. Tumia mwiba wa mchungwa, au kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha isiyo kali mno.
2. Shika ua kwa nyuma na mkono wa kushoto, mdomo wake ukuelekee.
3. Kwa ncha ya kijiti, pasua mdomo huo kidogo upande mmoja, uone nguzo ndogo iliyo ndani.
4. Inua kile kiutando kwa kijiti, kielekee juu.
5. Kwa kidole gumba, sukuma chavua iliyo juu iguse mahali pa kike panaponata. Bonyeza taratibu, kisha toa kijiti.

Mwanzoni inachukua dakika nzima na ua linaweza kuvunjika mkononi. Usikate tamaa. Baada ya siku tatu nne kidole kinajua njia chenyewe, na mtu aliyezoea kweli anaweza kupita maua 1,000 kwa asubuhi moja. Kama mvua imelowesha maua, ngoja yakauke kwanza.

Utajuaje kama umefaulu? Ua lililooanishwa vizuri linanyauka lakini linabaki limeshika kwenye shada. Lisilofaulu linaanguka baada ya siku mbili au tatu. Basi pita tena, hesabu yaliyobaki.

Na hapa panahitajika kujizuia. Usioanishe maua yote! Chukua 8 hadi 10 kwa kila shada, yale yaliyo upande wa chini ili matunda yaning'inie yamenyooka, kisha kata machipukizi yaliyobaki. Kwa mmea mmoja wenye afya, mashada 8 hadi 10 yatosha. Mtu akiona maua mengi anasema: «Mungu amenipa, nikatae?» Lakini mmea uliobebeshwa mzigo kupita nguvu zake utazaa matunda membamba mwaka huu, na mwaka ujao utaugua au kufa. Kama vile mama mzazi, mmea nao unahitaji kupumzika.

Hesabu mbele ya kupanda

Tufanye hesabu pamoja, chukueni kaye na biki. Una mimea 40. Kila mmoja umeuachia mashada 8. Hayo ni mashada 320. Kama siku ya kilele kila shada linafungua ua moja, uko na maua 320 ya kuoanisha kabla jua halijawa kali. Mtu anayetumia nusu dakika kwa kila ua atahitaji saa mbili na dakika 40. Akianza saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, anamaliza karibu saa tatu na dakika 10. Inawezekana, hata kwa mtu mmoja.

Sasa weka mimea 200. Siku ya kilele inakuwa maua 1,600. Kwa mwendo ule ule ni zaidi ya saa 13, na ua halitakungoja saa 13. Utahitaji watu wanne au watano waliojifunza, kila asubuhi, Jumapili pia, hata siku ya matanga, hata siku ya soko. Uko nao? Kama huna, hiyo mimea 160 ya ziada ni kazi ya bure na feza iliyopotea.

Jambo lingine ni la watoto. Ua la vanila hufunguka saa ile ile kengele ya shule inapolia. Vidole vidogo vinaweza kweli kazi hii, na kishawishi ni kikubwa. Tunasema wazi: mtoto asikose darasa kwa ajili ya ua. Minervali iliyolipwa na vanila haina maana kama mtoto hakuwa darasani. Afundishwe siku ya mapumziko, kama somo, basi.

Mkono wa nani, jina la nani?

Njia hii ya kijiti na kidole gumba ina historia ambayo kila kooperativu ingefaa kuijua. Mwaka 1836, mtaalamu wa mimea Charles Morren, wa mji wa Liège huko Ubelgiji, alifaulu kuzalisha matunda ya vanila ndani ya nyumba ya vioo. Lakini hakuna mkulima aliyefaidika na hilo. Aliyeleta njia rahisi, ile ambayo dunia nzima inatumia mpaka leo, ni mvulana wa miaka 12, mtumwa katika kisiwa cha Bourbon, kinachoitwa sasa Réunion. Jina lake Edmond. Mwaka 1841 alionyesha kwamba kijiti chembamba na kidole gumba vinatosha. Wakampeleka shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wenzake, na kisiwa kikatajirika kwa vanila. Utumwa ulipofutwa huko mwaka 1848, Edmond alipewa jina la Albius. Alikufa maskini mwaka 1880.

Hatusimulii hayo ili kuwahuzunisha. Tunasimulia kwa sababu jambo lile lile linaweza kutokea ndani ya nyumba zetu, kwa kipimo kidogo. Kwa nyumba nyingi, anayeamka kuoanisha maua ni mama au binti. Siku ya mizani, anayetia sahihi na kupokea feza ni mwingine. Tunaomba komite za kooperativu zifanye jambo moja rahisi: katika daftari la wanachama, jina la anayeoanisha maua liandikwe pia, na awepo siku ya malipo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nayo, bila daftari, hupotea bila habari.

Miezi tisa ya kungoja

Hapa ndipo vanila nyingi ya kwetu inaharibikia. Baada ya kuoanishwa, tunda linakua haraka. Kwa majuma sita hadi nane limeshafikia urefu wake wote, sentimita 15 hadi 20. Ukiliona, unasema limekomaa. Bado! Linahitaji kukaa kwenye mmea mpaka miezi minane au tisa itimie, na ni katika ile miezi ya mwisho ambapo vitu vya kuleta harufu vinajikusanya ndani yake. Tunda la miezi mitano ni refu, ni la kijani, ni zuri kwa macho, na ndani halina kitu. Likikaushwa linatoa harufu hafifu na kushika ukungu kwa upesi. Mnunuzi anayejua kazi yake analikataa, na akilikuta ndani ya mzigo wa kooperativu, anashusha bei ya mzigo wote.

Kwa nini basi watu wanachuma mapema? Si kwa ujinga. Wanachuma kwa kuogopa mwizi: «Nikingoja, atachuma yeye.» Mwizi naye anachuma mapema kwa kuogopa mwenye shamba. Komisioneri anayenunua usiku bila kuuliza ndiye anayewalisha wote wawili kwa bei ndogo. Mwisho wake kila mmoja amepata kidogo, na jina la vanila ya eneo zima limechafuka.

Dawa ya ugonjwa huu haiko kwa mtu mmoja mmoja, iko kwa kooperativu. Mambo matatu yanasaidia.

La kwanza ni tarehe moja ya kuchuma. Nchi jirani ya Uganda, ambako wanalima vanila hata Bundibugyo na Kasese, ng'ambo tu ya mpaka wetu, serikali hutangaza siku ya kufungua mavuno, na kabla ya siku hiyo ni marufuku kuchuma na kuuza. Kooperativu inaweza kuweka sheria yake pamoja na chefu wa kijiji: kabla ya tarehe hii, yeyote anayebeba vanila mbichi njiani aulizwe ameitoa wapi.

La pili ni alama. Huko Madagaska, wakulima wanachoma tunda likiwa bichi kwa sindano zilizopangwa kuwa herufi au namba. Kovu lile linabaki hata tunda likishakauka na kuwa jeusi. Kila mwanachama awe na alama yake, iandikwe kwenye daftari. Mwizi hawezi kuuza jina la mtu mwingine.

La tatu ni kuandika juma la kuoanisha. Funga uzi wa rangi kwenye shada: mwekundu kwa juma la kwanza, mweupe kwa la pili, na kuendelea. Siku ya kuchuma utajua lipi limetimiza miezi yake. Tunda lililokomaa linaanza kuwa la njano kwenye ncha. Chuma hapo, moja moja. Ukichelewa sana linapasuka.

Ugonjwa wa kuoza mizizi

Ukiona majani yananyong'onyea, shina linakunjamana kama limekosa maji wakati mvua inanyesha, fukua taratibu uangalie mizizi. Ikiwa myeusi na laini, ni kuvu wa kuozesha mizizi. Hatujui dawa ya duka ambayo tungewashauri mnunue. Kinachookoa ni usafi: kata sehemu yenye afya juu kabisa ya ugonjwa na kuipanda mahali pengine, ng'oa iliyobaki na kuichoma, usirudishe vanila mahali pale, na usafishe kisu. Zaidi ya yote, zuia mapema: maji yasituame, jembe lisiguse mizizi, mmea usibebeshwe matunda mengi. Mmea uliochoka ndio unaougua kwanza.

Siku ya kuuza

Vanila mbichi haina ile harufu mnayoijua. Harufu inaletwa na kazi ndefu: matunda huchovywa dakika tatu hivi katika maji ya moto ya nyuzi 63 hadi 65, yanafungwa katika blanketi ili yatoe jasho, yanaanikwa juani saa chache kila siku na kurudishwa katika blanketi, kisha yanakauka kivulini kwa majuma mengi, na mwisho yanafungwa ndani ya sanduku kwa miezi. Kosa moja linaleta ukungu, na ukungu wa tunda moja unaambukiza sanduku zima. Kwa hiyo tunashauri kazi hiyo ifanywe pamoja, mahali pamoja, na watu waliojifunza, si kila nyumba na sufuria yake.

Kumbukeni pia kwamba kilo 5 hadi 6 za mbichi zinatoa kilo 1 kavu. Mtu akisikia redioni bei ya vanila kavu, asidai bei ile kwa mbichi. Mfano tu, si bei ya leo: kama kilo kavu ingeuzwa dolari 60, kilo moja mbichi ndani yake ni dolari 10, na hapo bado hatujatoa kuni, kazi na usafiri.

Na bei yenyewe haina rafiki. Nchi inayozaa zaidi duniani ni Madagaska, na kinachotokea kule kinafika mpaka kwetu. Mwezi wa tatu wa mwaka 2017 kimbunga Enawo kilipiga eneo lao la vanila, na mwaka 2018 kilo moja kavu ilipita dolari 500 kwenye soko la dunia. Watu wakapanda vanila kila mahali. Mwaka 2020 serikali yao iliweka bei ya chini ya dolari 250 kwa kuuza nje, mwaka 2023 ikaiondoa, na bei ikaanguka vibaya. Aliyekopa mwaka 2018 ili apande miche 500 alivuna wakati bei imeshaanguka. Aliyepanda 40 nyuma ya nyumba, bila deni, na muhogo wake ukiwa palepale, alikula hasara ndogo na bado yuko na mimea.

Kabla ya mvua zijazo

Tunaomba kila kooperativu ikae mara moja kwa ajili ya mambo manne: kuandika nani yuko nyumbani asubuhi na anaweza kutunza mimea mingapi, kuanza kupanda miti ya kuegemea, kuchagua alama ya kila mwanachama, na kupatana na chefu juu ya tarehe ya kuchuma. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji feza nyingi. Yote yanahitaji watu kuketi pamoja.

Haraka haraka haina baraka, na kwa vanila methali hii haina mchezo: miaka mitatu kungoja ua, asubuhi moja kulishika, miezi tisa kulinda tunda. Mwenye kuweza hayo matatu, hata kiwanja chake kiwe kidogo namna gani, aanze na miti kumi. Mwakani ataona kama mikono inatosha kuongeza.

Kazi njema, na asubuhi njema bustanini.